Kwata ni kwata, jembe ni jembe

Wiki hii mmetuuliza: JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria, yaani ile wanayoitwa wahitimu wa kidato cha sita, ni kazi ya kulazimishwa au siyo? Nilipita mujibu baada ya kidato cha sita, miaka michache tangu irudishwe mwaka 2013. Jibu langu: kwata, yaani mazoezi ya gwaride, haina kesi. Jembe ndilo lenye kesi.

Mkataba namba 29 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1930, unasema kazi ya kulazimishwa ni ile mtu anayofanyishwa kwa kutishiwa adhabu, bila kujitolea mwenyewe. Jeshi la lazima limeachwa nje kwa sharti moja: kazi iwe ya kijeshi tupu. Sharti hilo lilikuwa na sababu. Miaka ile Wafaransa waliwachukua vijana wa Afrika Magharibi kwa jina la jeshi, kisha wakawapeleka kuchimba mifereji ya Mto Niger. Mkataba namba 105 wa 1957 nao ukakataza kukusanya watu kwa lazima ili kukuza uchumi. Tanzania imeridhia yote miwili.

Sasa twende kambini, hapahapa mkoani Kigoma, jina nalihifadhi. Alfajiri mchakamchaka, halafu kwata mpaka nyayo ziwake moto. Sikulalamika (sawa, nililalamika, kuruta gani halalamiki?). Baada ya chai tunagawiwa majembe. Kila mtu anapimiwa ngwe ya mahindi kwa hatua za afande, na afande wetu alikuwa mrefu kama mnazi. Usipomaliza, wenzako wanakula wewe unalima. Jirani yangu malengelenge yalimpasuka viganjani, akafunga soksi kwenye mpini, akaendelea. Palizi ina ujeshi gani? Na mahindi yale hatukuyala yote; mengine tuliyapakia wenyewe kwenye lori.

Katiba yetu, ibara ya 25, inasema ujenzi wa taifa wa lazima kwa mujibu wa sheria si kazi ya shuruti. Hapo tumejiruhusu wenyewe. Mkataba haujaturuhusu.

Wazee watanikumbusha 1966, wanafunzi wa chuo kikuu walipoandamana kupinga JKT na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao. Msomi aliyesomeshwa na jasho la mkulima anaogopaje jembe? Hoja hiyo nzito, naikubali. Lakini babu yangu alitoka Kasulu kwenda Tanga kukata mkonge, manamba (kibarua wa mashamba ya wakoloni), kwa sababu ya kodi ya kichwa. Hakufungwa kamba. Mimi pia sikufungwa. Wapo walioitwa wasiripoti, na sikusikia aliyefuatwa nyumbani. Ila kaombe kazi kwenye vyombo vya ulinzi uone utakavyoulizwa cheti cha JKT.

Kwa hiyo wa mujibu wafundishwe silaha, ramani na uokoaji. Bustani ya mboga watakazokula wenyewe, sina ugomvi nayo. Shamba la kuuza wapewe waliokubali, tena walipwe.

Na ngwe, kama ni lazima ipimwe, atafutwe afande mfupi.

Msomaji, Kasulu