Locke & Key imeisha, na ni vitabu sita

Kama unajiuliza iwapo Locke & Key, ile komiki ya kutisha ya familia yenye funguo za kichawi, imeisha: ndiyo, imeisha. Mkusanyo wa Locke & Key ni vitabu sita: unaanza na Welcome to Lovecraft, unamaliza na Alpha & Omega. Matoleo yalianza kutoka 2008 na hadithi ikafungwa 2013. Nina vyote sita, na usiruke hata kimoja, maana kitabu cha tano, Clockworks, ndicho kinachorudi karne ya 18 kueleza funguo zilitoka wapi. Ukikisoma mapema utamu wote unaharibika.

Golden Age usiihesabu kama cha saba. Ni hadithi za mababu wa familia ya Locke, soma baadaye.

Kama umeona tamthilia ya Netflix tu, jiandae. Kitabuni kuna damu zaidi, na majonzi ya watoto baada ya baba yao kuuawa yanauma kweli. Mfano ufunguo wa kichwa: hapa unauchomeka kisogoni, fuvu linafunguka kama kifuniko cha sufuria, na unachungulia kumbukumbu zako ndani, ndogondogo, zikitembea. Kinsey, binti wa familia hiyo, anang'oa woga wake humo kwa mikono yake. Mimi hilo ndilo lililonitisha kuliko mizimu yenyewe.

Joe Hill ndiye mwandishi, lakini sifa za Keyhouse, ile nyumba ya kina Locke, mpe mchoraji, Gabriel Rodríguez wa Chile. Alisomea usanifu majengo, na inaonekana: kila ngazi na kila mlango wa Keyhouse unauamini.