Bunduki za kijeshi za Finland: soma chuma kwanza, hadithi ya muuzaji baadae

Wakuu salama. Kuna vijana kama watatu mwaka huu wameniuliza waanzie wapi kukusanya bunduki za zamani za Finland, naona bora niandike mara moja yote. Mimi naishi Minnesota, mwaka wa kumi na moja sasa nazikusanya, na huku kaskazini wajukuu wa Wafini ni wengi kwa iyo ukienda kwenye maonyesho ya silaha hukosi kuikuta moja mezani.

Karatasi kwanza manake hapo hakuna mchezo. Kama upo Marekani kwa viza ya muda, ya masomo au matembezi, usiguse silaha mpaka umeongea na mwanasheria, sheria ya shirikisho kwa kawaida haikuruhusu kumiliki. Mwenye green card anaruhusiwa. Halafu ipo leseni ya wakusanyaji, dola 30 kwa miaka 3, inakuruhusu kununua silaha zenye umri wa miaka 50 na kuendelea hata kutoka jimbo lingine, ila lazima uwe na daftari la kuandika kila inayoingia na kila inayotoka. Sheria za jimbo nazo zina mambo yake, zisome.

Haya, sasa utamu wenyewe. Kitu ambacho mgeni lazima akielewe kabla hajatoa hata dola moja ni kwamba hizi bunduki kwa asili ni Mosin-Nagant, bunduki ya jeshi la Urusi. Finland ilijitenga na Urusi Desemba 1917, mwaka uliofuata wakapigana wenyewe kwa wenyewe, vita vilivyoisha wakabaki na bunduki za Warusi kwa maelfu, nyingine wakaja kununua nchi za Ulaya. Wakaamua kuziboresha badala ya kuanza upya. Mitutu wakatengeneza mipya, mbao mpya, saiti (ya kulengea) mpya, lakini risiva (ile sehemu ya chuma inapoingia bolti, yaani kile chuma unachovuta na kusukuma kuingiza risasi) hawakuwahi kuitengeneza wao, walichukua ileile ya zamani. Kwa iyo bunduki moja ina umri wa aina mbili tatu ndani yake na ndio maana mimi nazipenda kuliko bunduki yoyote.

Ya kwanza kununua ilikuwa M/39, yaani modeli ya 1939. Muuzaji, mzee mpole tu, akaniambia hii imepigana Vita vya Majira ya Baridi, ile ya Wafini na Wasovieti, babu yake fulani aliibeba kwenye theluji, mimi nikasikia raha nikaongeza na hela juu. Nimefika nyumbani nasoma mtutu, pameandikwa VKT (kiwanda cha bunduki cha serikali ya Finland) ndani ya alama ya almasi, na mwaka 1942. Vita vile vilianza 30 Novemba 1939 vikaisha 13 Machi 1940! M/39 ilipitishwa rasmi 1939 kweli, ila vita vinaanza kulikuwa na za majaribio chache mno, za kiwandani zimekuja baadae. Bunduki ni nzuri na bado ninayo, ila ile hela ya hadithi imeenda. Tangu siku iyo muuzaji akianza kusimulia namsikiliza kwa heshima zote huku macho yangu yapo kwenye mtutu. Na mkitajiwa Simo Häyhä, yule mkulima anayehesabiwa kuwaangusha zaidi ya 500 bila darubini, mjue alitumia M/28-30, bunduki ya mgambo, sio M/39.

Mgambo wenyewe waliitwa Suojeluskunta na walikuwa na kiwanda chao, ndio iyo SAKO mnayoisikia mpaka leo. Bunduki zao M/28 na M/28-30 zilipewa jina la utani Pystykorva, mbwa wao wa kuwindia mwenye masikio yaliyosimama, kwa sababu ya vile vyuma viwili vinavyolinda saiti ya mbele. Jeshi nalo lilikuwa na M/27, iyo ngumu kuipata nzima, ile bendi ya mbele pamoja na mbao yake vilikuwa dhaifu ikabidi waviongezee nguvu, na vita vikamaliza nyingi. Mgeni aanze na M/39, zipo nyingi na zinapiga vizuri.

Muhuri wa SA ndani ya kisanduku maana yake Suomen Armeija, jeshi la Finland. Walianza kuupiga 1942. Lakini angalia, SA peke yake haimaanishi imeundwa Finland, hata bunduki za Kisovieti walizoteka vitani ziligongwa SA zikaingia stoo. Namba ya kwenye sahani ya magazini (kile kisanduku cha risasi kwa chini) ikitofautiana na ya mtutu usishtuke, ni kawaida kwa za Finland, atakayekutaka ushushe bei kwa sababu iyo hazijui hizi. Alama ya D kwenye mtutu ni kwamba chemba (pale risasi inapokaa) imerekebishwa kwa risasi yao nzito ya D166.

Mbao sasa. Nyingi utaona zimeungwa kwa meno, kama vidole vya mikono miwili vilivyofumbatana, na wageni wengi wanadhani ilivunjika ikagundishwa. Hapana, ni makusudi, waliunga hivo ili mbao isipinde kwa baridi na unyevu. Mti ni koivu, ule mweupe wa kwao, na ule weusi weusi unaouona juu ni mafuta na lami ya msonobari na jasho la mikono ya askari. Nawasihi sana, msipige msasa! Msipake vanishi! Nimeshaona M/28 iliyong'arishwa kama meza ya sebuleni, roho iliniuma, ile rangi ilichukua miaka 60 kujijenga na mtu kaiondoa jumamosi moja. Futa grisi kwa kitambaa, paka mafuta ya kitani kidogo, inatosha.

Na jinsi ya kuifungua. Hakikisha chemba ni tupu, toa bolti na bendi zinazoshika mtutu, screw ya nyuma inafunguliwa kwa juu na ya mbele chini kwenye magazini, kisha nyanyua taratibu TARATIBU. Mimi mara ya kwanza nimefungua mezani jikoni, kikadondoka kipande chembamba cha shaba kama ganda la bati la sigara, nikaona takataka nikakitupa. Wiki iyo naenda kulenga mita 100 risasi zinatawanyika wakati kabla zilikuwa zinalala pamoja. Kumbe fundi wa Kifini alikiweka pale kwa mkono wake ili chuma kikae sawasawa kwenye mbao! Ukikikuta, andika kilikaa wapi na ukirudishe vilevile.

Ukishanyanyua geuza, futa mkia wa risiva (ncha yake ya nyuma) kwa chini. Hapo ndio patamu. Yangu ilitoka 1896, na herufi ya Kirusi pembeni, mtutu wa 1942 juu ya chuma cha enzi za mfalme wa Urusi. Utakuta za viwanda vya Urusi, Tula, Izhevsk, Sestroretsk, hata za Ufaransa kutoka Châtellerault, na za hapahapa Marekani, Remington na Westinghouse, waliowatengenezea Warusi vita vya kwanza vya dunia. Sio kujifurahisha tu, sheria ya shirikisho inahesabu umri kwa risiva, ikiwa ya 1898 kurudi nyuma inaingia kundi la antiki (silaha za kale).

Risasi za zamani za stoo nyingi zina chumvi kwenye kiwashio, ukipiga leo ukalala bila kuosha mtutu unaweza kuamka na kutu. Maji ya moto, kausha, mafuta, siku ileile. Na kabla ya kupiga ya kwanza kabisa mpelekee fundi apime nafasi kati ya bolti na risasi, kisha piga picha ya ule mkia uihifadhi pamoja na daftari, usiwe unafungua fungua kila akija mgeni kuangalia.