Usiyaache Marashi ya Ngozi kwa Sababu ya Maneno ya Ofisini

Dada mmoja wa Kasarani, hapa Nairobi, ameniandikia. Alidunduliza pesa mpaka akanunua Ombré Leather ya Tom Ford, marashi yenye harufu ya ngozi ile ya viatu na mikoba, na sasa wenzake kazini wanamwambia ananukia kiume. Anauliza aendelee kuyatumia au ampe kaka yake. Dada yangu, usimpe mtu. Maneno kama hayo niliyasikia kabla yako, tena mabaya kuliko hayo.

Nilikuwa nauza bima katika ofisi moja huku Upper Hill. Siku moja mkuu wa kitengo akanisimamisha katikati ya mkutano, akasema chumba kizima kinanuka kibanda cha fundi viatu. Watu wakacheka. Hakujua kwamba baba yangu alitusomesha sote kwa kushona viatu Kariokor, na kwamba harufu ya ngozi, gundi na kiwi ndiyo iliyokuwa shatini mwake kila jioni alipotupakata. Bado inaniuma, sitaficha. Lakini kesho yake nilijipulizia marashi yangu yale yale ya ngozi, nikaingia mkutanoni, nikakaa kiti cha mbele.

Wanaosema ngozi ni harufu ya wanaume hawajui ilikotoka. Mwaka 1919, Ernest Daltroff wa Caron, kampuni ya marashi kule Ufaransa, alitoa Tabac Blond, marashi ya ngozi na tumbaku yaliyowalenga wanawake walioanza kuvuta sigara hadharani baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1944 yakaja marashi ya Bandit ya mbunifu wa mavazi Robert Piguet, ngozi kali yenye uchungu wa majani, na aliyeitunga ni mwanamke, Germaine Cellier, wakati ambapo kazi hiyo ilishikwa na wanaume karibu wote. Nampenda mama huyo. Alichukua isobutili kwinolini, kemikali inayonukia ngozi chungu, akaitia kwa mkono mzito pale ambapo wengine waliidondosha kwa woga.

Ndani ya chupa, kwa kweli, hamna ngozi ya mnyama. Harufu ile hujengwa. Zamani ilitegemea lami inayopatikana kwa kuchoma gome la mti mmoja mweupe wa nchi za baridi uitwao birch, ambao mafuta yake Warusi waliyatumia kulainishia ngozi na kuikinga na maji. Moshi unaousikia mwanzoni unatokana na lami hiyo, au na viungo vinavyoiiga. Hiyo yako, dada wa Kasarani, ilitoka 2018, na pamoja na ngozi ina iliki na asumini. Iliki ya chai na asumini ya Pwani! Mwambie anayekucheka asogee anuse vizuri.

Sasa, tabia ya anayeyavaa. Wengi husema ni mtu wa majivuno, baridi, asiyejali watu. Mimi naona vingine. Marashi ya maua na vanila humpendeza kila mtu papo hapo. Ya ngozi huanza kwa ukali, na usoni mwa watu unaona wakijiuliza. Ukingoja, ule moshi unashuka, unabaki ulaini na utamu kidogo karibu na mwili. Anayeyavaa kwa moyo ni mtu asiye na haraka ya kupendwa. Anaweza kukaa nusu saa nzima akieleweka vibaya bila kuanza kujieleza. Kama kila siku unatafuta sifa za watu, yatakutesa, na ni afadhali ulijue hilo kabla hujalipa.

Kwa hiyo usiyahukumu kwenye kile kikaratasi cha kunusia cha dukani. Yapulizie kwenye mkono, toka, tembea mjini, kula chakula cha mchana, kisha unuse tena. Ngozi ya mwili wa kila mtu huyageuza kwa namna yake. Na Nairobi ni jiji la kuyavaa: baridi ya Julai inayatuliza. Ukiwa ndani ya matatu iliyofungwa madirisha saa saba mchana, hata yale mazuri yanakaba, basi punguza kipimo. Pulizo moja kifuani chini ya nguo, moja nyuma ya shingo. Usiyapige kwenye hariri, yanaacha doa.

Niliacha ile kazi. Leo nauza mikoba ya ngozi inayoshonwa na mafundi wa Kariokor, wengine walimjua baba. Juzi mama mmoja mwenye hoteli alinipa oda ambayo sijawahi kupata mfano wake, na kabla hatujataja bei aliniuliza nimevaa nini. Nikamwambia. Akasema nanukia mtu anayejua anachokiuza. Nilitembea kutoka pale kichwa juu, na sioni haya kuliandika. Dada zangu, acheni kuwaomba watu ruhusa ya kunukia mnavyotaka! Anayekupangia harufu leo atakupangia mshahara kesho, na wewe utakuwa umeshamzoesha.

Kama fedha ni haba, nenda Eastleigh kwenye maduka ya marashi ya mafuta. Kule hakuna atakayekushangaa, wanawake wa Kisomali wamelelewa katika moshi wa uunsi, ule ubani wao wa kufukizia, na muuzaji anajua kuchanganya ngozi na udi mpaka ukasisimka. Anapima kwa mililita, unabeba kichupa kidogo cha kujaribia. Mafuta hayana spiriti, kwa hiyo hayarushi harufu mbali, yanakaa nawe. Mwombe ya ngozi peke yake kwanza, uisikie ilivyo, ndipo umwambie aongeze udi kidogo kidogo.