Mbwa wa jirani alitaka mtu wa kukaa naye

Swali lenu la wiki hii ni hili: "Ukisafiri, mbwa wako anabaki na nani, na huyo anayebaki anamliwazaje?" Mimi sina mbwa wala sijawahi kufuga. Najibu kwa upande wa yule anayebaki, kwa sababu Desemba iliyopita jirani yangu hapa Tabata alisafiri siku 13, nami nikawa nakaa na mbwa wake, na niliyoyaona sitaki yapotee.

Jirani yangu ni mwalimu, mjane, mtu wa Rombo. Kama Wachaga wengi wa Dar, mwezi wa kumi na mbili ukifika hakai mjini. Tarehe 20 alfajiri alipanda bajaji kwenda stendi ya Magufuli kule Mbezi Luis, na Popi akabaki nyuma ya geti. Popi ni mbwa wa kawaida wa mtaani, rangi ya kahawia, sikio moja limekatika ncha. Shule zikifungwa hambanduki mama yake: akifua yupo, akichambua mboga yupo, akisahihisha madaftari barazani yeye amejilaza juu ya miguu yake. Chakula na ulinzi aliachiwa kijana wa bodaboda anayepanga chumba cha uani. Kijana hana ubaya. Asubuhi alikuwa anaweka ugali na dagaa, anajaza maji, anatoka na pikipiki yake, anarudi saa nne usiku. Wengi wetu tungesema basi, yametimia: mbwa ana chakula, ana maji, ana banda.

Usiku wa kwanza alilia mpaka alfajiri. Kubweka tumekuzoea, lakini hiki kilikuwa kilio, sauti ndefu inayopanda halafu inakatika kama mtu aliyekosa pumzi, kisha inaanza upya. Usiku wa pili hivyo hivyo. Siku ya tatu mtaa ukaanza kusema. Mnajua imani yetu, kwamba mbwa akilia usiku anaita msiba. Mzee mmoja wa nyumba ya tatu akatamka waziwazi kuwa ukipita usiku mwingine namna hiyo, mbwa atawekewa kitu kwenye nyama. Maneno hayo niliyasikia dukani nikinunua mkate, yakanikaa kifuani kutwa nzima.

Jioni nikaenda. Kabla sijagonga nikaona pua. Alikuwa ameichomeka kwenye uwazi wa chini ya geti, uwazi wa vidole vitatu hivi, imekauka na kushika mchanga. Kila alipopumua vumbi lilipeperuka mbele yake, na kwa kuwa alikuwa amelala hapo hapo muda wote huo, pumzi zake zilikuwa zimechora nusu duara kwenye vumbi, safi kama pamefagiliwa. Kwa ndani rangi ya geti ilikuwa imekwanguliwa hadi chuma kinaonekana. Ugali wa asubuhi umekauka na kupasuka sahanini, sisimizi wamejipanga. Kijana alikuwa amepitia nyumbani kuchukua koti la mvua, ndiye aliyenifungulia. Popi akanitazama, akapitisha macho nyuma yangu mpaka barabarani, akaona hakuna mwingine anayekuja, akarudisha kichwa chini.

Nieleze jambo moja, maana wasomaji Waislamu watajiuliza. Mimi ni wa madhehebu ya Shafii kama wengi wa pwani. Kwetu mate ya mbwa ni najisi nzito, huoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Kwa hiyo sikumshika wala kumpakata, na nguo za kusalia sikuenda nazo pale. Lakini dini hiyo hiyo ndiyo iliyonifundisha tangu niko chuoni, mtoto mdogo, habari ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji kiatu chake, akakishika kwa meno wakati wa kupanda, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake. Nilipomwona yule mbwa sikuwa na udhuru. Nilichouliza tu ni kadi ya chanjo, kwa ajili yangu na wajukuu wanaonitembelea. Mwalimu akanitumia picha yake kwa simu: alichanjwa Septemba, wiki ile ya Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, tarehe 28.

Nikachukua kiti cha plastiki nikakiweka chini ya mwembe, hatua kama sita kutoka getini, nikakaa. Ndiyo kazi niliyoifanya siku zote zilizobaki. Nilikuwa nakwenda nikishasali alasiri, naondoka magharibi ikikaribia. Nilikwenda na ungo wa mchele nikapepeta na kuchambua, siku nyingine nikasuka ukili, siku nyingine nikavuta uradi tu. Nilikuwa naongea naye kwa sauti ya chini, maneno ya kawaida: mvua imekataa, umeme umekatika tangu saa nane, mama yako leo yuko kanisani. Sikumwita. Sikumrushia nyama ili anisogelee.

Siku ya kwanza hakubanduka getini. Siku ya pili alisogea hatua mbili akalala, ila uso bado umeelekea barabarani. Siku ya tatu alikula, na hapo ndipo nilipojifunza. Alianza kula nikiwa nimekaa. Simu ikalia, nikainuka kutoka nje ya geti kuongea, akaacha. Niliporudi kitini akaendelea, akamaliza, akalamba na sahani. Kumbe chakula hakikuwa kibaya. Alikuwa hawezi kukila peke yake. Usiku ule hakulia, na yule mzee wa nyumba ya tatu asubuhi aliniuliza kama mwalimu amerudi.

Mjukuu wangu anasoma udaktari wa mifugo pale SUA, Morogoro. Nikamsimulia. Akasema, "Bibi, umefanya vizuri kwenda saa ile ile. Sasa mtafutie nguo ya mama yake ambayo haijafuliwa." Akanieleza utafiti wa Chuo Kikuu cha Emory kule Marekani. Walichukua mbwa 12 waliofundishwa kulala kimya ndani ya mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ubongo, wakiwa macho, wakawanusisha harufu tano: yao wenyewe, ya mbwa wanayemjua, ya mbwa mgeni, ya mtu mgeni na ya mtu wa nyumbani. Ile sehemu ya ubongo inayochangamka mnyama anapotarajia jema iliitika zaidi kwa harufu ya mtu wa nyumbani, na mtu mwenyewe wala hakuwepo hapo.

Tatizo ni kwamba mwalimu alikuwa amefua kila kitu kabla ya safari. Kijana wa bodaboda ndiye aliyekumbuka kanga ya jikoni, ile anayojifunga akipika, iliyobaki imetundikwa nyuma ya mlango wa jiko la nje. Ilinuka moshi, vitunguu na mwenyewe. Tukaitandika chini ya mwembe. Popi aliizunguka mara mbili, akaingiza pua kwenye pindo, akabaki hivyo muda mrefu hata nikaacha kuchambua mchele nikawa namtazama yeye. Kisha akajilaza juu yake, kwa mara ya kwanza akiwa amelipa geti mgongo.

Kitu kimoja kilichotushinda ni simu. Mwalimu aliomba nimwekee sauti yake mbwa asikie, nami nikaona ni wema. Aliposikia "Popi, Popi wangu," aliruka, akakimbilia getini, akazunguka nyumba, akarudi, akakwaruza geti tena, na jioni ile hakula. Nadhani wako mbwa wanaotulizwa na sauti. Huyu alisikia mama yake amefika, na mama hakuingia. Tangu siku hiyo mwalimu alikuwa akiniuliza habari zake mimi nikiwa nyumbani kwangu.

Tarehe 31 tuliiogopa wote kwa sababu ya fataki. Sikio la mbwa linasikia mbali kuliko letu, na mlio wa ghafla humtoa mbio hata aliyelelewa vizuri; kila mwaka mpya wako mbwa wanaoruka ukuta na kupotea. Kijana wa bodaboda alinishangaza. Usiku ule ndio wa hela kwao, abiria ni wengi na hawabishani bei. Aliegesha pikipiki saa tatu, akamwingiza Popi jiko la nje, akafunga dirisha, akawasha redio ya taarabu kwa sauti ya wastani, akakaa naye sakafuni mpaka saa saba usiku milipuko ilipopungua. Kanga ilikuwa chini yao. Aliniambia mbwa alitetemeka mara ya kwanza, akaegemea goti lake, na baadaye akasinzia. Namuombea kijana yule kila nikimkumbuka.

Wako walionishauri nimpe dawa ya usingizi, au vidonge vya maumivu vya watu, "atulie." Nawaomba sana wasomaji msifanye hivyo. Dawa zetu nyingi ni sumu kwa mbwa, na hata ile inayomfaa daktari wa mifugo ndiye anayejua kipimo chake. Na huruma isiwafanye mkamrundikia mifupa ya kuku iliyopikwa. Inavunjika vipande vyenye ncha na kumchoma ndani. Maji, lakini, yasikose hata saa moja. Joto la Dar la Desemba mnalijua, na mbwa hana jasho la kumpoza kama sisi, anategemea kuhema.

Mwalimu alirudi tarehe 2 Januari na gunia la ndizi. Popi alisikia bajaji kabla yangu. Sielezi furaha ile, kila mwenye mbwa anaijua. Baada ya salamu za "shikamoo mama" na "marahaba mwanangu," nilimwambia jambo ambalo mjukuu wangu alinituma: siku ya kuondoka alimkumbatia mbwa, akalia, akarudi mara mbili kumuaga. Mbwa anasoma begi na funguo, na anasoma uso wetu. Kumuaga kwa kilio ni kumthibitishia kuwa kuna hatari.

Basi mwaka huu tumeanza mapema. Tangu Oktoba mwalimu hutoa begi kabatini, analiweka sebuleni, anafunga viatu, anakwenda dukani dakika kumi, anarudi bila makeke. Wiki iliyopita alikaa nje muda wa saa tatu nzima, na Popi alilala barazani tu. Mimi nami nimeanza kwenda na kiti changu mara mbili kwa wiki, mama mwenyewe akiwepo, ili Desemba nisiwe mgeni.

Kanga ameshaniletea. Ameivaa jikoni mwezi mzima bila kuifua, na nimeifungia kwenye ndoo yenye mfuniko, harufu isitoke.