Mafundi Wanajibu: Kutoa Rangi Kwenye Baiskeli ya Karboni

SWALI: Shikamooni. Nimenunua fremu na uma vya karboni, vya mtumba, na rangi inabanduka hovyo. Fundi wa rangi za magari huku kwetu anasema atapaka dawa anayotumia kutoa rangi kwenye milango ya gari, na asubuhi itakuwa imetoka yote. Nimkubalie? (Msomaji, Nyakato, Mwanza)

JIBU: Marahaba. Usimkubalie. Mlango wa gari ni bati, na dawa ikishamaliza rangi haina kingine cha kula. Fremu yako ni nyuzi za karboni zilizoshikwa na gundi ya epoksi. Dawa kali za kutoa rangi, hasa zenye kloridi ya methilini, zimetengenezwa kulainisha hata rangi za jamii hiyohiyo ya epoksi, kwa hiyo hazichagui kati ya rangi na gundi. Zikipenya, gundi inavimba, tabaka zinaanza kuachana, na kwa nje huoni kitu mpaka bomba lije likatike likiwa na mtu juu yake. Soda kali ya kutengenezea sabuni nayo ikae mbali, maana inakula alumini, na fremu nyingi za karboni zina vipande vya alumini vilivyogundishwa pale inapokaa shafti ya pedali.

Mashine ya hewa moto vilevile hapana. Inaweza kupita nyuzijoto 500, wakati gundi ya fremu nyingi huanza kulegea kwenye mia moja na kitu tu. Grenda na brashi ya waya usiviguse kabisa.

Kabla hujaanza, amua kwanza unataka nini. Kama shida yako ni rangi mpya, huna haja ya kuvua ya zamani yote. Ng'oa inayobanduka, sawazisha kingo zake, kwaruza iliyobaki kwa msasa namba 400 mpaka mng'ao ufe, kisha paka juu yake. Wengi wanaotuandikia wangeishia hapo bila hasara.

Ukiwa umeazimia kuivua, kifaa ni msasa wa maji na mkono wako. Kwa fremu na uma andaa karatasi nne za namba 320, nne za 400, mbili za 600 na mbili za 800. Weka maji lita 5 kwenye ndoo, matone machache ya sabuni ya vyombo, na kipande cha sponji ngumu cha kuzungushia msasa. Maji ya ziwani yachuje kwa kitambaa kwanza. Punje moja ya mchanga wa miamba yetu ikiingia chini ya msasa inachora mfereji ambao namba 800 haiufuti.

Toa vifaa vyote, ziba matundu ya fremu kwa vitambaa, funika vipande vya alumini kwa tepu ya karatasi. Anza na 320 kwenye sehemu pana, ukisugua kufuata urefu wa bomba, na suuza msasa kila baada ya mistari michache. Kwenye kona na maungio shika msasa kwa vidole bila sponji, tena anza moja kwa moja na 400, kwa sababu kona huisha haraka kuliko unavyodhani. Rangi ikiisha utakuta praima, mara nyingi ya kijivu au nyeupe. Chini yake karboni inaanza kuonekana kama vivuli vyeusi. Hapo hamia msasa laini zaidi, namba 600, malizia vidoa vilivyobaki taratibu, pitisha 800 na uache. Uma unachukua nusu siku, fremu siku mbili tatu. Anayekuahidi saa mbili ana grenda mfukoni.

Mwisho toa vitambaa, futa kwa spiriti, na uitundike kivulini usiku kucha ikiwa kichwa chini, maji yatoke. Karboni, alumini na unyevu vikikaa pamoja, alumini huliwa na kutu nyeupe.

SWALI: Nilikuwa nasugua bomba la juu, maji yakabadilika kutoka meupe kuwa meusi. Nimeharibu? (Msomaji, Nansio, Ukerewe)

JIBU: Inategemea rangi yako ilikuwa nyeusi au la. Kama haikuwa nyeusi, weusi huo ni nyuzi zenyewe, na ulitakiwa kusimama pale ulipouona. Suuza, kausha, kisha angalia juani kwa pembeni. Ukiona nyuzi zimechanika vinywele, au mchoro wa kusuka umekatika na mwingine wenye mwelekeo tofauti unajitokeza chini yake, umeshapita tabaka. Tabaka moja lina unene wa kama sehemu ya kumi ya milimita, na ukuta wa bomba mara nyingi ni milimita 1 hivi, kwa hiyo hilo si jambo dogo.

Chukua sarafu ya shilingi 200, gonga taratibu kila sentimita moja kuzunguka mahali hapo, kisha gonga bomba lilelile sehemu nzima. Mlio mkavu wa juu ni dalili njema. Mlio ukizama ghafla na kuwa butu, tabaka zimeachana, usiiendeshe. Weusi hafifu bila mchoro kukatika unafunikwa na vanishi.

SWALI: Naweza kuiacha nyeusi hivyohivyo bila kupaka kitu? (Msomaji, Musoma)

JIBU: Hapana. Jua linaila epoksi, inageuka njano na kuwa unga, na huku ziwani jua halina likizo. Paka vanishi ya poliyurethani ya vikopo viwili yenye kinga ya jua, kwa kipimo kilichoandikwa koponi, mikono mitatu myepesi. Mwambie fundi asiiweke kwenye oveni ya magari kupita nyuzijoto 60. Kigumuzi cha vanishi hiyo, yaani kile kikopo cha pili, kina isosianati, sumu kwa mapafu, na barakoa ya vumbi haiizuii. Mwachie mwenye vifaa kamili.

SWALI: Mikono inawasha tangu nisugue uma. (Msomaji, Sengerema)

JIBU: Ni vipande vya nyuzi vilivyoingia kwenye ngozi. Osha kwa maji baridi mengi na sabuni bila kusugua. Safari nyingine vaa glavu, miwani na barakoa ya daraja la FFP2, usisugue kavu, na usipulize vumbi kwa kompresa. Tope la msasa liache litulie ndooni, mwaga maji yaliyo juu kwenye ardhi mbali na ziwa, na tope lenyewe lifunge kwenye mfuko liende na taka.

SWALI: Bomba la siti nalo nilisugue? (Msomaji, Igoma)

JIBU: Sehemu inayoonekana tu. Inayoingia kwenye fremu ina kipimo chake, mara nyingi milimita 27.2, na ukiipunguza kidogo tu siti itakuwa inashuka, nawe utaikaza mpaka bomba lipasuke. Shingo ya uma inayobanwa na usukani iache kama ilivyo, pamoja na ukingo wa rimu unaoshikwa na breki.