Kihispania cha Kila Siku kwa Kiingereza cha Watu: Kwa Wanaoanza Kutafsiri Wakiwa Mtwara

Kazi ya kutafsiri Kihispania kwenda Kiingereza ipo hata kwetu kusini. Ipo Mikindani, pale mgeni kutoka Hispania au Kolombia anapotaka kuelezwa habari za Boma la Wajerumani la mwaka 1895 na mwongoza wageni anajua Kiingereza tu. Ipo zaidi kwenye intaneti: video zinazotafutiwa sabtaito (maandishi ya tafsiri yanayopita chini ya picha), barua za wateja wa hoteli, maelezo ya bidhaa, mahojiano ya watafiti. Anayekutumia kazi hajali kama umekaa Madrid au Chuno, ilimradi umeme upo na kazi imefika kwa wakati.

Wadogo zangu mnaoanza, mnaniletea kazi zenu nizipitie, na tatizo ninalokutana nalo mara nyingi si msamiati. Maneno mnayajua. Shida ni kwamba Kihispania kinawaingia kupitia Kiswahili bila nyinyi kujua, na kwa kuwa kimeingia vizuri mnaamini kitatoka vizuri kwa Kiingereza.

Chukueni mifano. "Tengo hambre" ni nina njaa. "Tengo prisa" ni nina haraka. "Tengo veinte años" ni nina miaka ishirini. "Me duele la cabeza" ni kichwa kinaniuma: kichwa ndicho kinachotenda, na mimi ndiye ninayetendwa, katika lugha zote mbili. "Se me perdieron las llaves" ni funguo zimenipotea. "Me dejó el bus", usemi utakaousikia Amerika ya Kusini, ni basi limeniacha, na mtu aliyechelewa basi la alfajiri la Dar es Salaam hapa stendi husema hivyo hivyo. Katika mambo haya Kiswahili na Kihispania vinakaa pamoja, Kiingereza kiko peke yake. Kwa Mwingereza njaa si kitu alicho nacho, ni hali aliyo: "I'm hungry". Miaka vivyo hivyo: "I'm twenty". Basi halikumwacha, yeye ndiye aliyelikosa: "I missed the bus". Ukiandika "the bus left me" au "my head is paining me", Mtanzania mwenzako ataelewa papo hapo. Hiyo ndiyo hatari yenyewe, maana ukimpa akusomee kazi kabla hujaituma, naye hataona kosa.

Kwa hiyo ninachowashauri ni hiki. Tumieni Kiswahili kuelewa, kwa sababu kinafika ndani ya Kihispania mahali ambapo Kiingereza hakifiki. Mkishaelewa, kiwekeni kando. Kisha mjiulize: Mwingereza akisimama pale pale, jambo lile lile likampata, angefungua kinywa aseme nini? Hilo ndilo la kuandika, hata kama hakuna neno moja linalofanana na la Kihispania. "No pasa nada" mgeni akiambiwa chumba hakijawa tayari ni "that's fine". Akimwambia mtoto aliyemwaga juisi ni "don't worry about it". Akimwambia rafiki anayelia ni "it's going to be OK". Maneno ya Kihispania ni yale yale matatu, Kiingereza kimebadilika mara tatu.

Sehemu inayotaka akili zaidi ni ile "se me". Tuseme mgeni yuko kwenye mashua, kamera imemponyoka na kuzama. Anasema: "Se me cayó la cámara al agua." Kwa Kiswahili tungesema kamera imeniponyoka ikaanguka majini. Hajasema ameidondosha, wala hajasema imeanguka tu kana kwamba yeye hakuhusika. Amesema jambo limemtokea. Kiingereza cha kawaida ni "I dropped my camera in the water", na kwenye mazungumzo hakuna anayelaumiwa kwa kusema hivyo. Mwingereza hujitaja kama mtendaji hata pale alipoteleza mkono. Mpaka hapo ni rahisi.

Lakini tuseme maneno hayo yapo kwenye barua ya kudai fidia ya bima, au kwenye maelezo ya mgeni kwa meneja wa hoteli kuhusu kioo kilichovunjika: "Se me rompió el espejo." Ukiandika "I broke the mirror", umemfanya akiri. Ukiandika "the mirror broke", umemtoa kabisa kwenye tukio. Yeye hakusema lolote kati ya hayo mawili. Katika maandishi ya aina hii mimi hutafuta njia inayobakiza ajali ndani ya sentensi, kama vile "the mirror broke while I was moving it", lakini iwapo tu barua yenyewe inasema alikuwa akikisogeza. Kama haisemi, unamuuliza mteja ilikuwaje. Usibuni. Jambo hili limefanyiwa utafiti. Mwaka 2011 Caitlin Fausey na Lera Boroditsky walichapisha matokeo ya jaribio ambalo wasemaji wa Kiingereza na wa Kihispania walionyeshwa video za matukio ya kukusudia na ya ajali. Kwenye yale ya kukusudia, pande zote mbili zilimkumbuka mtendaji sawasawa. Kwenye ajali, wasemaji wa Kiingereza walimkumbuka aliyetenda vizuri zaidi. Kwa hiyo mnapochagua kati ya "I broke" na "it broke", mnachagua pia msomaji atabaki akimfikiria nani.

Lipo pia kundi la maneno ambayo mtu wa pwani huyatambua kwa sikio. Waislamu walitawala sehemu za Hispania kuanzia mwaka 711 hadi Granada ilipoanguka mwaka 1492, na Kiarabu kiliacha alama huko kama kilivyoacha kwetu. "Fulano" ni fulani. "Azúcar" ni sukari. "Hasta" na hata yetu zimetoka kisima kimoja. "Ojalá" nayo imetokana na Kiarabu, yenye maana ya Mungu akitaka, na kwa sababu hiyo wanafunzi wengi hukimbilia "God willing". Tulieni hapo. Mhispania wa leo husema "ojalá" bila kumtaja Mungu moyoni, na wapo wanaoisema wasio na dini yoyote. Kitu cha kutazama ni kitenzi kinachofuata. "Ojalá no llueva" ni ya mtu ambaye mvua bado haijanyesha na ana tumaini, kama mkulima wa Tandahimba aliyeanika korosho zake: "I hope it doesn't rain". "Ojalá no hubiera llovido" ni ya mtu ambaye mvua imeshamharibia: "I wish it hadn't rained". Ukikosea hapo, umempa tumaini mtu aliyekwisha kata tamaa.

Kuhusu nahau za viungo vya mwili sina mengi, kwa sababu kamusi nzuri zinazo. Mhispania aliyenunua kinyago cha mpingo kwa bei kubwa atasema kimemgharimu jicho la uso, "un ojo de la cara". Mwingereza hutoa mkono na mguu, "an arm and a leg". Angalieni tu sauti. "¿Me estás tomando el pelo?" ikisemwa kwa tabasamu ni "are you pulling my leg?", ikisemwa kwa hasira mbele ya bili ni "are you kidding me?", na kamusi haiwezi kuwaambia ni ipi.

Methali zinataka uamuzi zaidi. "A quien madruga, Dios le ayuda", anayeamka mapema Mungu humsaidia, kwa kawaida huwekwa "the early bird catches the worm". Kwenye tangazo la biashara sawa, weka ndege na mnyoo wake. Lakini kama anayesema ni bibi wa kijijini kwenye filamu ya maisha halisi, na dakika moja kabla alikuwa kanisani, kumwondoa Mungu kwenye kauli yake ni kumpunguza. Hapo mimi huandika "God helps those who rise early". Kinasikika kidogo kama kimetoka mbali, na kweli kimetoka mbali. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi: kumpa mkulima wa Peru nahau ya mtaani London, msomaji akabaki anashangaa kaipatia wapi.

Kabla hamjagusa sentensi yoyote, ulizeni msemaji anatoka nchi gani. Kihispania ni lugha rasmi katika nchi 20, mojawapo iko hapa Afrika, Guinea ya Ikweta, na nchi hizo hazisemi sawa. Chukueni korosho yetu wenyewe. Hispania ni "anacardo". Kolombia na Amerika ya Kati ni "marañón". Venezuela ni "merey". Meksiko utasikia "nuez de la India". Kwa Kiingereza zote ni "cashew", na atakayetafsiri hilo la mwisho neno kwa neno ataihamishia India korosho ya mtu. "Guagua" ni basi Kuba na Visiwa vya Canary, lakini Chile ni mtoto mchanga. "Ahorita" ya Meksiko inafanana sana na sasa hivi ya fundi wetu anaposema anakuja sasa hivi: inaweza kuwa dakika hii, inaweza kuwa baadaye. "Right now" ni ahadi ambayo msemaji hakuitoa. "In a bit" inamtosha.

Wale wenye ndugu ng'ambo ya Ruvuma, mliookota Kireno Msumbiji, mna mwanzo mzuri na pia mna mitego yenu. Kireno "polvo" ni pweza. Kihispania "polvo" ni vumbi, na pweza ni "pulpo". Kireno "esquisito" ni kitu cha ajabu ajabu. Kihispania "exquisito" ni kitamu sana. Mgeni akila pweza wa nazi akasema "exquisito" na wewe ukamwambia mpishi kuwa mgeni amekiona chakula cha ajabu, mpishi ataumia bure.

Afya ndiyo isiyosamehe. Mhispania akisema "estoy constipado" ana mafua, "I've got a cold", wala tumbo lake halijafunga kama Kiingereza "constipated" kinavyosema. Lakini baadhi ya watu wa Amerika ya Kusini humaanisha tumbo kweli. "Intoxicado" mara nyingi ni mtu aliyedhuriwa na chakula. Ukimwita "intoxicated" mbele ya daktari, umemwambia mgonjwa amelewa. "Embarazada" ni mjamzito, hana aibu yoyote. Ukimsindikiza mgeni duka la dawa au hospitali, usitegemee neno moja. Mwombe aonyeshe panapouma, kisha eleza dalili.

Mwisho niseme kidogo juu ya sabtaito, maana ndiyo kazi ambayo wengi wenu mtaipata kwanza. Kipimo kinachotumika sana ni herufi 42 kwa mstari, mistari miwili, nafasi kati ya maneno zikiwemo. Hapo utajua kama umeelewa au umebeba maneno tu. Tazama sentensi hii: "Hombre, no te pongas así, ya verás como mañana lo ves de otra manera." Mwanafunzi mmoja aliniletea hivi: "Man, don't put yourself like that, you will already see how tomorrow you see it in another way." Kila neno limehesabiwa, na Mwingereza hatasema hivyo kamwe. Tena "hombre" hiyo alikuwa akiambiwa mwanamke. Tulikaa nayo. Nikamuuliza, kwa Kiswahili dada huyu anaambiwa nini? Akasema: jamani, usiwe hivyo, kesho utaliona tofauti. Nikamwambia sasa sahau Kihispania. Akaandika mstari wa kwanza: "Come on, don't be like that." Wa pili: "You'll see it differently tomorrow." Herufi 28 na 35, nafasi imebaki.

Na kila kazi mnayotuma, ambatanisheni ukurasa mdogo wa mashaka yenu: dakika ya ngapi, msemaji kasema nini, mmeandika nini, na kwa nini hamna uhakika. Msiogope kuonekana hamjui. Mteja makini huufungua ukurasa huo kabla ya kazi yenyewe, na mara nyingi hujibu siku hiyo hiyo.