Kutafuta Chuo cha Nje ya Jimbo Bila Kuzama Kwenye Mikopo

“Shikamoo dada. Nimesikia binti yenu amepata chuo Alabama na karibu ada yote wanamlipia wao. Wa kwangu yuko darasa la kumi na moja, anataka kusoma kompyuta, na hapa Phoenix tunahangaika tu. Mlifanyaje?”

Marahaba, mdogo wangu. Nilianza kukujibu kwenye simu nikaona maelezo yanazidi kuwa marefu, na si wewe wa kwanza kuniuliza tangu habari ienee kanisani. Basi naandika hapa, tusome wote tunaolea watoto huku Marekani na tunaolala tukiwaza ada. Ni kweli. Mwezi wa nane binti yetu anaanza sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Alabama kilichoko Huntsville, UAH, na ufadhili aliopewa kwa alama zake unakata sehemu kubwa ya ada kwa miaka minne. Kinachobaki ni chumba, chakula, vitabu na nauli, na hivyo tunavimudu kwa mishahara yetu bila kukopa. Ninajivunia, na sioni sababu ya kuficha.

Sisi tunaishi Minnesota. Mimi ni nesi, mume wangu anaendesha basi la mji. Kuanzia vuli ya 2024 jimbo letu lina mpango unaoitwa North Star Promise: familia yenye kipato cha chini ya dola 80,000 kwa mwaka, mtoto wake anasoma vyuo vya umma vya jimbo bila kulipa ada. Ni mpango mzuri sana, na kama uko huku na kipato chako hakifiki hapo, jaza hiyo fomu kabla hujafikiria majimbo ya watu. Sisi tukijumlisha mishahara na ovataimu tunauvuka mstari. Kwenye karatasi tunaonekana tunajiweza. Lakini fomu ya FAFSA, ile inayopima uwezo wa familia kwa ajili ya misaada ya serikali kuu, haina mahali pa kuandika dawa za presha za mama yangu kule Musoma, wala ada ya watoto wa marehemu kaka yangu. Kwa hesabu yao pesa hizo bado ziko mfukoni mwetu.

Hapo ndipo familia nyingi za kwetu zinapokwama. Tumezidi kipato cha kusaidiwa, na hatujafikia kipato cha kulipa.

Mshauri wa masomo shuleni kwa binti yetu, ambaye sitamtaja, alimwita ofisini akamwambia kwamba “familia kama zenu” huwa zinaanzia chuo cha jamii cha miaka miwili. Mtoto ana 33 kati ya 36 kwenye ACT, ule mtihani wa kuombea chuo. Amemaliza kalkulasi darasa la kumi na moja. Sina neno baya kwa vyuo vya jamii, mimi mwenyewe nilianzia unesi huko, na ni njia halali ya kupunguza gharama. Kilichoniuma ni kwamba hakufungua hata faili lake. Aliangalia jina letu la ukoo, akaangalia uso wa mtoto, akamaliza. Binti alirudi nyumbani amenyamaza, akasema labda yule mshauri anasema kweli. Usiku ule sikulala vizuri, na mpaka leo nikilikumbuka lile neno “familia kama zenu” moyo unapanda.

Nilianza kusoma. Nikitoka zamu, badala ya kulala, nilikuwa nasoma kurasa za vyuo mpaka macho yanauma.

Jambo la kwanza nililolielewa, ambalo wazazi wetu wengi hawaambiwi, ni kwamba majina makubwa hayatoi ufadhili wa alama. Harvard, Yale, Princeton na wenzao wote wa Ivy League hawatoi. MIT hawatoi. Wao wanaangalia uhitaji wa familia tu, na kwa uhitaji ni wakarimu kweli: tangu mwaka wa masomo wa 2025 Harvard haitozi ada familia yenye kipato cha dola 200,000 kwenda chini. Kwa hiyo mtoto akiingia, mshukuru Mungu mpeleke. Ila Harvard inachukua chini ya watano katika kila waombaji mia. Aombe, lakini maisha ya mtoto hayapangwi juu ya nafasi kama hiyo.

Fedha za alama ziko kwa vyuo vinavyowatafuta watoto wenye alama nzuri kutoka mbali. Chuo Kikuu cha Alabama kule Tuscaloosa ndicho kinachojulikana zaidi. Baada ya fedha za jimbo kupungua, wakaamua kuvuta wanafunzi kutoka nchi nzima, na sasa zaidi ya nusu ya wanaoanza pale wanatoka nje ya Alabama. Wanawavuta kwa jedwali. Jedwali liko wazi kwenye tovuti yao: wastani wako wa masomo ukiwa huu na ACT yako (au SAT, mtihani mwenzake) hii, ufadhili wako ni huu. Hakuna insha ya kulia, hakuna kumjua mtu. Mimi nilipoliona lile jedwali nilimwamsha mume wangu. Mtoto anaweza kujua thamani yake kabla hata hajaomba! Huntsville nao wana ufadhili wa namna hiyohiyo.

Nyumbani kwetu kuna njia nyingine pia. Minnesota ina makubaliano na Wisconsin, North Dakota na South Dakota, mtoto akavuka mpaka na kulipa ada inayokaribiana na ya nyumbani, mradi ajaze fomu ya kuomba punguzo hilo. Kwa hiyo aliomba chuo kikuu cha Wisconsin kilichoko Madison, akaomba cha Fargo kule North Dakota, na akaomba chuo ambacho sikuwahi kukisikia, Dakota State, kwenye mji mdogo unaoitwa Madison pia, ila wa South Dakota. Mwaka 1984 bunge la jimbo lile lilikiagiza chuo hicho kijielekeze kwenye kompyuta, na leo kinaheshimiwa sana kwa usalama wa mitandao. Alikubaliwa. Kama Huntsville isingekuja, angekwenda pale, nami ningeandika makala hii hii.

Ila Huntsville ilikuja, na tulipokwenda kuiona, mtoto aliamua kabla hatujashuka garini. Iko kaskazini mwa Alabama karibu na mpaka wa Tennessee. Ndipo kilipo kituo cha NASA cha Marshall, ambako Wernher von Braun na wenzake walibuni roketi ya Saturn V iliyowapeleka watu mwezini. Roketi nzima imelazwa ndani ya jumba la makumbusho, unatembea chini yake mpaka shingo inachoka. Chuo chenyewe kinapakana na Cummings Research Park, eneo la pili kwa ukubwa Marekani kwa kampuni za utafiti, na Boeing, Lockheed Martin na Northrop Grumman wako mjini humo. Mtoto wa kompyuta anayesoma hapo anaweza kwenda mafunzo ya kazi kwa baiskeli. Nilimtazama anavyosoma mabango ya kampuni moja baada ya nyingine, nikajua.

Hapa nikuonye, mdogo wangu, maana hili huwezi kuliona kwenye brosha. Kazi nyingi za Huntsville ni za ulinzi na anga, zinadai kibali cha usalama, na kibali hicho hupewa raia wa Marekani. Binti yangu kazaliwa hapa. Kama wako ana grini kadi tu, yaani kibali cha ukaaji wa kudumu, uliza mapema kuhusu uraia, au tafuta mji wenye kampuni za kiraia.

Tulipotangaza uamuzi wetu, wifi yangu alinipigia simu. “Yaani vyuo vyote hivyo, mmeona mtoto mweusi mmpeleke Alabama?” Na kwenye kikundi chetu cha WhatsApp kuna waliotuma vicheko. Watoto wao wako vyuo vya majina, na baadhi yao nawajua wanavyokopa. Sikujibu siku ile. Nawajibu leo. Tarehe 11 Juni 1963 gavana wa Alabama, George Wallace, alisimama mlangoni mwa chuo kule Tuscaloosa kuwazuia wanafunzi weusi Vivian Malone na James Hood wasijiandikishe, na wakajiandikisha. Siku mbili baadaye, Huntsville, kijana mweusi aliyekuwa mtaalamu wa hesabu NASA, Dave McGlathery, aliingia kujiandikisha kwenye tawi lililokuja kuwa UAH. Mlango huo ulishafunguliwa na watu waliojua wanachokifanya. Binti yangu hataomba radhi kwa kuupitia. Tena mjini humo kuna vyuo vikuu viwili vya kihistoria vya Wamarekani weusi, Alabama A&M na Oakwood, na Wasabato wenzangu wa Afrika Mashariki mnaijua Oakwood tangu utotoni. Sabato ya kwanza tulisali pale, tukakaribishwa chakula na familia ya Wakenya. Hatakuwa peke yake.

Sasa tuje kwenye hesabu. Bei iliyoandikwa kwenye tovuti ya chuo ni kama ile ya kwanza anayokutajia muuza sato pale Mwigobero, Musoma: usiikimbie wala usiilipe. Kila chuo kinachopokea misaada ya serikali kuu kinalazimika kisheria kuweka kikokotoo cha gharama halisi kwenye tovuti yake. Kijaze na mtoto, mkiwa na karatasi za kodi mezani. Kisha tafuta waraka unaoitwa Common Data Set wa chuo hicho, nenda sehemu ya H, utaona ni wanafunzi wangapi wasio na uhitaji waliopewa ufadhili wa alama, na kwa wastani walipewa kiasi gani. Chuo ambacho namba hizo ni ndogo hakitabadilika kwa sababu ya insha ya mwanao.

Barua ya ufadhili ikifika, isome kama unavyosoma mkataba wa nyumba. Ufadhili ni asilimia ya ada au ni dola zisizopanda? Ada hupanda karibu kila mwaka, dola zile hazipandi. Ni wa mihula minane? Wastani gani unatakiwa ili uendelee? Hili kwa kompyuta ni la muhimu kuliko kwa masomo mengine, kwa sababu mwaka wa kwanza na wa pili kuna kalkulasi, hesabu za diskreti na miundo ya data, na hapo ndipo alama za watoto wengi huanguka. Uliza pia kama mtoto anaingizwa moja kwa moja kwenye sayansi ya kompyuta au anaingia chuo kwanza ndipo agombee nafasi. Vyuo vikubwa vingi vina foleni ya pili ndani ya chuo. Na uliza kama akipata msaada wa nje, wa kanisa au wa benki, chuo kitapunguza wa kwake. Maryland ndilo jimbo la kwanza kukataza mchezo huo kwenye vyuo vyake vya umma, mwaka 2017, lakini majimbo mengi bado yanauruhusu.

Kwa wewe wa Phoenix, kuna Western Undergraduate Exchange. Majimbo ya magharibi, na Arizona ikiwemo, yamekubaliana kwamba mkazi wa jimbo moja akienda chuo kinachoshiriki katika jimbo jingine asitozwe zaidi ya asilimia 150 ya ada ya wenyeji. Soma orodha kwa makini, maana kila chuo huchagua programu zake na baadhi huiweka kompyuta kando. Chuo Kikuu cha New Mexico wana ufadhili wao unaoitwa Amigo kwa watoto wa nje ya jimbo. Texas nako sheria inaruhusu mwanafunzi wa nje aliyeshinda ufadhili wa ushindani wa dola 1,000 au zaidi kutozwa ada ya wenyeji, na UT Dallas, Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Dallas, ni cha kutazama kwa kompyuta. Kwa mlioko kusini, mpango wa Academic Common Market hautawafaa sana, kwa sababu unahusu masomo ambayo jimbo lenu halina, na kompyuta iko kila jimbo.

Mnaosoma mkiwa Dar au Nairobi, haya makubaliano ya majimbo si yenu, na FAFSA si yenu. Ufadhili wa alama katika baadhi ya vyuo mnaweza kuupata, lakini kabla ya viza ya mwanafunzi, F-1, chuo kitataka ushahidi wa fedha za mwaka wa kwanza.

Na wazazi wenzangu, tuseme ukweli. Tunawapeleka watoto kwenye majina ili tupate la kusema harusini. Kuanzia Julai 2026 serikali imeweka kikomo: mkopo wa serikali kuu kwa mzazi, unaoitwa PLUS, hauzidi dola 20,000 kwa mwaka na 65,000 kwa mtoto mmoja kwa jumla. Wengi watajaza pengo kwa mikopo ya benki yenye riba ya kuumiza, nao wakiwa na miaka hamsini na kitu, migongo imekwisha kwa kuinua wagonjwa. Nimefanya kazi na kina mama wa namna hiyo. Wanachukua zamu za Krismasi kulipia digrii ambayo mtoto angeipata kwa nusu ya bei, jimbo la jirani. Mwajiri wa mhandisi wa programu anampa tatizo alitatue mbele yake, anatazama anavyofikiri. Mfundishe mwanao kutatua, mtafutie chuo kinachomtaka, na uachane na macho ya watu.

Wa kwako yuko darasa la kumi na moja, kwa hiyo uliza kama alifanya PSAT ya Oktoba iliyopita, ule mtihani wa kujipima kabla ya SAT, kwani mtihani wa mwaka huo ndio unaofungua National Merit, shindano la ufadhili la nchi nzima, na ni kwa raia na wenye grini kadi. Asiache kufanya ACT au SAT hata chuo kikisema si lazima. Kwa kuingia chuo si lazima, ila jedwali la ufadhili mara nyingi linazitaka alama hizo. Tarehe za mwisho za ufadhili huja mapema kuliko za kuomba chuo, nyingine Novemba, nyingine Desemba. Niandikie ukishapata matokeo yake, tukae na majedwali pamoja Jumapili moja. Jumamosi sipatikani.